UMETULETEA NINI KUTOKA ZENJI? Historia ya vitu tulivyobeba kwenye begi bila kuvijua

Leo tunapumzika kidogo, sitaongelea nani kaachana na nani wala gauni la nani limepasuka jukwaani. Leo nawapeleka Unguja. Na msiondoke, maana mwisho wa siku hii nayo ni stori ya watu, tena ina machozi kidogo.

Iko hivi. Mwezi wa nane 2023 washkaji zangu watatu walikuwa likizo ndefu ya chuo. Boom la mwisho walilibania, wakasema twende Zenji siku nne kabla hawajaingia mwaka wa mwisho. Mimi sijasoma chuo, niliishia kidato cha nne, nauza makava ya simu Kariakoo. Ila urafiki wetu ni wa tangu shule ya msingi, wakanambia wewe lipa boti tu, kulala na kula tutajua. Majina yao siyataji, nitawaita kwa kozi zao: Mwanasheria, Mchumi na Nesi. Nesi ndiye aliyetupa uhakika wa safari, kwa sababu bibi yake mzaa mama anaishi kwenye yale majumba ya Michenzani. Kwa hiyo hotelini hatukulala hata usiku mmoja.

Sasa ukitoka safari, hasa Zenji, swali la kwanza mtaani huwa siyo "habari za huko". Ni "umetuletea nini?" Hata jirani ambaye hamsalimiani anauliza. Kwetu msafiri kurudi mikono mitupu ni kama hakusafiri. Kwa hiyo siku ya tatu tukaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, pale Gizenga na Hurumzi, kutafuta zawadi. Papasi wakatuganda kama kawaida yao (jina lenyewe papasi, yaani kupe, nadhani limejieleza) mpaka waliposikia lafudhi yetu ya Dar, wakatuacha wakaenda kwa Wazungu.

Mchumi alinunua sumaku ya friji yenye picha ya mlango wa nakshi. Mwanasheria kanga. Nesi alibeba mchanga wa Nungwi kwenye chupa ya maji, tukamcheka sana. Mimi nilinunua picha. Nikirudi nyumbani nikaanza kujiuliza hivi vitu vimetoka wapi hasa, nikawa nasoma usiku kwenye simu bando likiisha naongeza, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Nianze na kitu kinachouma kidogo. Vingi tunavyonunua kama "zawadi ya Zanzibar" si vya Zanzibar. Zile picha za rangi kali, simba ana shingo ndefu na ndege wana macho makubwa, ni tingatinga. Mwanzilishi wake Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akachorea Dar es Salaam, kule Oysterbay, na akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Vinyago vya mpingo ni kazi ya Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji. Vile vibakuli laini vya mawe vimechongwa Kisii, Kenya. Na sumaku ya Mchumi tulipoigeuza nyuma ilikuwa na kibandiko cha China. Mchumi alinuna mpaka Malindi.

Lakini ukiisoma historia ya kisiwa unaona hii siyo ajabu mpya. Unguja imetajirika miaka na miaka kwa kuuza vitu vilivyotoka kwingine. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji mpaka pwani, zikapakiwa Zanzibar, na nyingi zikaishia Marekani, jimbo la Connecticut, kwenye viwanda vya kutengeneza vibonye vya piano. Kuna mji kule unaitwa mpaka leo Ivoryton, yaani mji wa pembe. Fikiria binti wa Boston mwaka 1880 anapiga piano sebuleni, kidole chake kiko juu ya tembo wa Unyamwezi na juu ya bega la mtu aliyeibeba ile pembe miezi. Hata kauri, hawa simbi tunaookota pwani, walikuwa biashara kubwa. Kampuni za Hamburg kama Hertz na O'Swald zilijaza meli kauri za pwani yetu katikati ya karne ya 19 zikazipeleka Afrika Magharibi, kwa sababu kule zilikuwa pesa. Yaani unaokota pesa ya mtu mwingine pwani kwako bure. Wakazimwaga nyingi kiasi kwamba thamani ikaporomoka. Mchumi alivyosikia hii akasahau habari ya sumaku yake.

Na Wamarekani nao walikuwa na tabia ya kubeba zawadi kama sisi tu. Mabaharia wa mji wa Salem walifika Unguja mapema, mkataba wa biashara ulisainiwa 1833, na balozi wao mdogo akaja 1837. Kule kwao tangu 1799 walikuwa na chama cha manahodha, na mwanachama akirudi safari anatakiwa alete kitu cha ajabu kutoka alikokwenda. Mikusanyo ile ndiyo imekuja kuwa jumba la makumbusho la Peabody Essex. Kwa hiyo "umetuletea nini" siyo ya Manzese peke yake. Wao walituachia neno: kile kitambaa cheupe kigumu walicholeta tuliita merikani, na bibi zetu wanaita hivyo hadi leo.

Ila safari niliyoipenda ni ile ya kurudisha ugeni. Mwaka 1840 Sultani Said alituma meli yake, Sultana, mpaka New York. Ilitia nanga tarehe 30 Aprili, na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman. Alibeba zawadi za Rais Van Buren: farasi, lulu, zulia, marashi. Sasa kasheshe, sheria ya kule ilimkataza Rais kuchukua zawadi za wafalme, Bunge likaanza kukaa vikao kujadili farasi. Mwisho vitu vikawa mali ya serikali. Ahmad yeye alichorwa picha ya rangi na mchoraji anaitwa Edward Mooney, kilemba kichwani, uso umetulia kabisa. Halafu akageuza na meli yake, imekarabatiwa bure, imejaa bidhaa. Mtu wa kwetu alikwenda, akazungukwa na umati wa watu wanaomshangaa, na yeye akarudi na vyake.

Tuje kwenye kanga, hapa ndipo kuna kituko. Mwanasheria ana mchumba, na mama wa mchumba hajamkubali bado. Akaona amnunulie kanga. Darajani pale akavutiwa na rangi, nyekundu na nyeusi, korosho zimekaa vizuri, akafunga, akalipa. Maandishi hakusoma. Tumeshafika Dar, kanga imeshapelekwa, ndipo mchumba anampigia simu: "Hivi umemwandikia nini mama?" Kanga ilisema HASIDI HANA SABABU.

Yule mama aliikunja akaiweka. Hakusema neno. Na kwa mtu wa pwani kunyamaza huko ni kusema kwa kipaza sauti.

Kanga yenyewe ina historia nzito kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wananunua leso zile za mkononi, asili yake biashara ya Wareno, zimefumwa pamoja kwenye jora. Wanakata vipande, wanaunga sita, wanapata nguo moja ya kipekee. Wafanyabiashara wakaona hapa kuna pesa, wakaagiza nguo nzima. Zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama kanga yule ndege, jina likashika. Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla bado mnaiona sokoni. Majina mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndiyo hizi tunazosoma. Au tusizosoma, kama Mwanasheria.

Lakini kitu kilichonigusa ni hiki. Wakati wa utumwa, mwanamke mtumwa Unguja alivaa merikani tupu au kaniki, nguo isiyo na rangi, ili akipita tu ajulikane ni nani. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Wanawake waliotoka utumwani wakakimbilia kanga. Rangi, maua, maneno. Walikuwa wanasema kwa kiuno kwamba mimi sasa ni mtu wa mjini, nitavaa ninachotaka. Kwa hiyo ukimwona mtalii kajifunga kanga juu ya bikini kule Paje usimcheke haraka, ila ujue alichojifunga.

Tulikwenda Mkunazini pia, lile kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Minyororo ni ya kweli. Mchumi alitoa simu apige selfi, akainua mkono, halafu akashusha. Hakuna aliyemkataza. Pale hatukununua kitu.

Viungo napita haraka maana kila blogu imeshaandika. Tulikwenda Kizimbani, tukanusa, tukavishwa taji la makuti, tukanunua pakiti. Mjue tu kwamba karafuu ilipandwa Unguja kwa jasho la watumwa, na kimbunga cha mwaka 1872 kikang'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Pemba ilipona. Ndiyo maana ukisema "karafuu ya Zanzibar" leo, kwa sehemu kubwa unasema Pemba. Wapemba wana haki ya kukasirika.

Sasa mchanga wa Nesi. Tulimcheka, si nimesema? Chupa ya maji nusu lita imejaa mchanga, inatingishika kwenye begi boti nzima. Akasema nyie chekeni. Mimi nilikuwa sijui kwamba kisa maarufu kuliko vyote cha zawadi ya Zanzibar ni cha mchanga.

Sayyida Salme alikuwa binti wa Sultani Said, yuleyule wa meli ya Sultana. Alizaliwa 1844. Akiwa na miaka kama 22 akapendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, akashika mimba. Kwa binti wa mfalme wa Kiislamu hiyo ilikuwa hatari ya kifo. Mwaka 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Kule akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akapelekwa Hamburg kwenye baridi. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa. Kaachwa mjane na watoto watatu, lugha ya tabu, pesa hakuna, nchi siyo yake. Alijifundisha kuandika utotoni kwa siri, kwa sababu wasichana hawakufundishwa, na kuandika kukamwokoa: mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake Berlin. Wanasema ni kati ya vitabu vya kwanza vya maisha kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu, mimi namhesabu wetu.

Alirudi Zanzibar 1885, amepanda meli ya Wajerumani, manowari za Bismarck ziko bandarini zinamtishia kaka yake Sultani Barghash. Bismarck alimtumia, tuseme ukweli. Barghash alikataa kumwona na urithi hakumpa. Akarudi tena 1888, ikawa vilevile. Alikufa Ujerumani, Jena, mwaka 1924. Na kwenye vitu vyake kulikuwa na mfuko wa mchanga wa pwani ya Zanzibar, alikaa nao miaka yote ile. Akazikwa nao Hamburg.

Nilimtumia Nesi stori hii saa nane usiku. Akajibu neno moja: "Nilijua." Bibi yake alishamsimulia akiwa mdogo.

Haya, picha yangu.

Kwenye duka moja la vitu vya kale, jina silitaji, kulikuwa na sanduku la biskuti la bati limejaa picha za zamani, nyeusi na nyeupe. Kila moja elfu kumi, nikapatana elfu sita. Nilichagua ya msichana amekaa kwenye kiti cha kuchonga, nyuma yake kuna pazia lililochorwa nguzo na maua, mkono kauweka kwenye meza ndogo. Nywele kasuka vizuri, ana kama miaka 17. Anaangalia kamera kama vile mpiga picha kamwambia asicheke na yeye anataka kucheka. Nyuma kuna muhuri wa studio umefutika. Nikasema hii nitaiweka kwenye blogu itapendeza.

Mji Mkongwe ni mji wa picha tangu zamani. Studio ya A. C. Gomes, Mgoa, ilikuwepo karne ya 19, na kadi za posta za Zanzibar zilizosambaa duniani nyingi zilitoka kwao na kwa Coutinho. Abiria wa meli wanashuka saa chache, wananunua kadi, wanapanda. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, baadaye mwanawe Rohit akaendeleza, na duka lao la Kenyatta Road watu wanaingia kununua nakala za picha za zamani za mji. Ila hizo zilipigwa kwa ajili ya kuuzwa. Yangu siyo. Yangu ilipigwa kwa ajili ya familia.

Jioni nikamwonyesha bibi yake Nesi. Alikuwa kakaa barazani chini, kwenye upepo. Akavaa miwani.

"Umeipata wapi hii?"

"Nimeinunua, bibi. Mjini."

"Umeinunua." Akaigeuza nyuma, akairudisha. "Huyu humjui?"

"Simjui."

"Na mie simjui. Lakini hichi kiti nakijua. Mie n'shakaa kiti hichi, Sikukuu ya Mfunguo Mosi, na dada yangu kasimama hapa." Akaweka kidole kwenye meza ndogo.

Nikamuuliza, bibi, na wewe picha yako iko wapi, tuione. Akasema iko Maskati.

Wadau, hapa ndipo historia ya shule iliponiishia na ya bibi ikaanza. Sisi tulifundishwa Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 kwa mistari ya kujibu mtihani: sababu tano, matokeo matano. Hatukufundishwa kwamba siku zile watu waliuawa na familia nyingi, hasa zenye asili ya Kiarabu na Kihindi, ziliondoka mbiombio, nyumba zikabaki na sahani mezani. Baadaye tena serikali mpya ikawapa watu wa Ng'ambo nyumba bora, majumba haya ya Michenzani yalianza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na bibi akapata chumba anachokaa leo. Vyote viwili ni kweli kwenye nyumba moja. Dada yake aliolewa na mtu mwenye asili ya Oman, wakaondoka na watoto na mabegi mawili. Picha zilikuwa kwa dada, zikaenda naye. Bibi hakubakiwa hata na moja ya usichana wake.

"Hakunibeba mie, kabeba picha," akasema, akacheka. Wanaongea siku hizi kwa simu, video kabisa. Lakini dada macho yameisha, hawezi kuitafuta.

Nikasema basi kesho nairudisha dukani. Akaniuliza nairudisha kwa nani, kwani duka ndiyo kwao? Sikuwa na jibu. Ila nilikwenda hivyohivyo asubuhi, kabla ya boti, nikamuuliza yule muuzaji kama anajua zilikotoka. Akasema zilikuja ndani ya kabati aliyonunua, kabati limeshauzwa kwa Mtaliano. Hakuwa mtu mbaya. Alisema akiziacha zinaliwa na mchwa.

Kwa hiyo ninayo. Siiweki hapa, kama mlikuwa mnaisubiri mwisho wa posti. Iko ndani ya daftari la madeni la dukani, kati ya karatasi mbili nyeupe.

Siku tunaondoka bibi alivaa kanga mpya, akaniambia nimpige picha kwa simu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono kauweka kwenye ndoo iliyogeuzwa maana meza hakukuwa nayo. Nikamwambia bibi cheka, akakataa. Nilivyofika Kariakoo nikazisafisha mbili kwenye karatasi nzuri. Moja Nesi akampelekea. Ya pili ilibebwa mwezi wa kumi na binti wa jirani yao aliyekuwa anaondoka kwenda Maskati kufanya kazi za ndani.